Mdogo wangu yuko Ujerumani kwa familia ya watu, kila siku analia anataka kurudi. Nimshaurije?

DadaTabata

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo, hasa nyie mliowahi kuishi nje kwenye nyumba za watu, maana hapa nyumbani tumeshagawanyika.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 20, kaondoka mwezi wa tisa kwenda Ujerumani kama au pair, yaani anakaa na familia, anawaangalia watoto wao wawili na kuwasaidia vikazi vidogovidogo, wao wanampa chumba, chakula na hela ya matumizi. Mtihani wa kijerumani wa A1, ile ngazi ya kwanza, alifanyia Goethe pale Upanga, viza kahangaika nayo mpaka kaipata ubalozini pale Umoja House, siku ya kuondoka tulimsindikiza airport ukoo mzima mpaka bibi alitoka Morogoro. Sasa toka wiki za mwanzo zipite ni kilio tu. Ananipigia usiku akishawalaza watoto, huku kwetu inakuwa saa nne saa tano, maana mwisho wa Oktoba wamerudisha saa nyuma sasa hivi tumewazidi masaa mawili, anaanza kuongea vizuri tu halafu katikati ya maongezi sauti inakatika.

Nimemuuliza kama wanamtesa anasema hapana, hawajamtukana, hawajamgusa, chumba anacho chake. Ila hajisikii yuko nyumbani hata kidogo. Mfano usiku hawapiki. Wanatandaza mezani mikate, jibini, soseji za baridi na matango, kila mtu anajipakulia mwenyewe, nusu saa baadae meza imeshatolewa. Yeye anakula slesi moja kwa aibu basi. Siku ya kwanza walimwambia chukua chochote kwenye friji, lakini toka siku hiyo hawajarudia kumkaribisha na yeye hawezi kwenda kufungua friji ya watu, kwetu hatukulelewa hivyo, kwa hiyo kuna siku analala na njaa friji imejaa.

Nyingine ni kumwita yule mama. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anataka aitwe jina lake hivihivi bila chochote mbele. Mdogo wangu ulimi hauendi, basi hamwiti kabisa, akiwa na shida anamsogelea anasimama pembeni anasubiri mama ageuke amuone. Nguo zake za ndani anafua usiku kwa mkono anaanika nyuma ya hita chumbani, mama alipoona akamwambia tia kwenye kapu la wote mashine itafua, mtoto kaona aibu siku nzima.

Na akimaliza kazi anaingia chumbani kwake anafunga mlango asiwasumbue. Juzi yule mama kamuuliza, hivi umetukasirikia? Hapo ndo kachanganyikiwa zaidi maana yeye alikuwa anawapa heshima yao.

Mama anasema arudi hata kesho. Baba anasema asithubutu. Mimi niko katikati na ndo ninayepigiwa simu. Nimwambie nini?

Mzee wa Kimara

Avumilie. Ugenini ndivyo kulivyo, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, asitegemee kubembelezwa. Sisi tulikaa kwa wajomba hapahapa Dar tunasoma sekondari, tulilala sebuleni na tulikuwa wa mwisho kula, leo tuna maisha yetu. Viza ya Ulaya haiokotwi. Akirudi sasa hivi atajuta mwakani akiwaona wenzake.

NilirudiSinza

Dada pole sana, na mdogo wako mpe pole. Mimi nimefanya hiyo au pair upande wa Hannover, nikamaliza mwaka, nikarudi, sasa hivi nipo Sinza nafundisha kijerumani. Nimesoma post yako nimeona kabisa kile chumba.

Mzee wa Kimara shkamoo, ila naomba nisikubaliane na wewe kidogo. Kabla hujamwambia mtoto avumilie lazima ujue anavumilia nini. Kuna ugeni na kuna kuonewa, na kwenye simu vyote viwili vinalia sauti moja. Ugeni unaisha. Kuonewa hakuishi kwa kuvumilia, kunazidi.

Kwa hiyo dada kitu cha kwanza, usiku wa leo akipiga usimuulize unajisikiaje, muulize anaamka saa ngapi, anaanza kazi saa ngapi, anamaliza saa ngapi, na jumamosi je, mwandike kwenye karatasi siku kwa siku. Sheria yao iko wazi, au pair ni mwisho masaa 6 kwa siku na masaa 30 kwa wiki, na kukaa na watoto usiku wazazi wakitoka nayo inahesabiwa humohumo. Wiki lazima apate siku moja na nusu ya kupumzika, na jioni nne awe huru, na mara moja kwa mwezi angalau hiyo siku ya kupumzika iangukie jumapili. Hela ya matumizi ni euro 280 kila mwezi, na zaidi ya hapo familia inachangia euro 70 kila mwezi kwa ajili ya kozi ya kijerumani pamoja na nauli ya kwenda kwenye kozi. Bima wanalipa wao. Likizo ni wiki nne kwa mwaka mzima na hela ya matumizi inaendelea. Kazi za ndani ni zile nyepesi, kutandika vitanda vya watoto, kupanga vyombo kwenye mashine, kunyoosha nguo chache, hayupo pale kusafisha nyumba nzima wala kumuuguza bibi yao. Na pasi yake ya kusafiria akae nayo mwenyewe, asimpe mtu amtunzie.

Kama hayo yote yako sawa basi tunaongelea ugeni, na ugeni una dawa.

Friji. Dada nikwambie, wale watu wakisema chukua wamemaanisha chukua, na hawarudii kwa sababu kwao kurudia ni kama kukulazimisha. Sisi tunakaribisha mara tatu na mgeni anakataa mara mbili, mara ya tatu ndo anakula, wao wanauliza mara moja ukisema hapana wanaheshimu hapana yako. Usiku ule wa mikate asikatae kitu ambacho anakitaka. Na kama mikate ya baridi haishuki, aombe kupika. Mi niliomba jumatano moja nikawapikia wali wa nazi na maharage, nazi ya kopo inauzwa kila supamaketi, yule baba akala sahani mbili na toka hapo jumatano ikawa yangu, jikoni nikapazoea, friji nikawa nafungua kama ya kwetu. Kabla ya hapo nilikuwa naijua ile friji kwa nje tu.

Kuhusu kumwita mama wa watu jina, amwambie ukweli, kwamba kwetu mtu mzima anaitwa mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aombe amuite hivyo. Wengi wanapenda sana, wengine watasema hapana niite jina langu, na akisema hivyo basi amuite tu, hajamvunjia heshima. Kibaya ni kutomwita kabisa. Anaposimama kimya pembeni yule mama anashtuka, hajui huyu mtoto ana nini.

Na mlango. Hapa ndo penyewe. Kwetu mtoto anayejitenga kidogo na wakubwa ana adabu. Kule ukimaliza kazi ukafunga mlango kila jioni wanaelewa umewachoka, au unaumwa, au una hasira. Yule mama alivyouliza umetukasirikia alikuwa hamgombezi, alikuwa anamjali na hajui aanzie wapi. Ajibu swali lile. Hata leo hajachelewa. Hata kama kijerumani hakitoshi aandike kwenye simu atafsiri amuonyeshe, aseme sijakasirika, kwetu ndo heshima, nina aibu, na nawakumbuka watu wa nyumbani.

Nguo za ndani aendelee kufua mwenyewe wala sio kosa, aseme tu napenda kufua mwenyewe hizi, aombe kile kianikio cha kukunja akiweke bafuni, asianike kwenye hita chumbani maana unyevu unaotesha ukungu ukutani na hapo ndo watagombana kweli.

DadaTabata

Dada wa Sinza Mungu akubariki, nimeisoma mara nyingi. Jana nimefanya kama ulivyosema. Tumeandika. Ratiba ya kwenye mkataba ni ya masaa 30 kweli. Ila wiki iliyopita ilifika 36, kwa sababu ijumaa na jumamosi usiku wazazi walitoka wakamwachia watoto, na yeye alijua kulala nyumba moja na watoto waliolala sio kazi. Hela anapewa yote. Pasi anayo. Kozi ya kijerumani hajaanza kabisa, anasema iko mji wa pili na basi la mwisho linawahi kuondoka, hakutaka kuwasumbua kuuliza.

Sasa hayo masaa 6 ya juu ndo kuonewa au ndo ugeni?

MbongoStuttgart

Niko huku mwaka wa nne, nilianza kama yeye nikaunga na chuo cha uuguzi. Masaa kuzidi wiki moja sio lazima iwe kuonewa, familia nyingi hazihesabu mpaka mtu ahesabu nao. Itakuwa kuonewa kama akiwaambia wakakasirika au wakaendelea. Kwa hiyo aseme. Awaombe kikao, na kikao huku ni kitu cha kawaida kabisa, familia zenyewe zinakaa mezani na kalenda. Aende na karatasi yake ya masaa, aseme wiki iliyopita ilikuwa 36, wiki hii naomba nipunguziwe. Bila kulia na bila kuomba radhi. Huku mtu anayesema shida yake mapema na kwa utulivu anaaminika, anayekaa nayo miezi akaja kulipuka ndo anaonekana wa ajabu.

Wakigoma, awasiliane na ajenti aliyemuunganisha kama alipita kwa ajenti. Kubadilisha familia inaruhusiwa, mkataba mara nyingi una notisi ya wiki mbili, anatafuta familia nyingine na anatoa taarifa ofisi ya wageni ya mji wake. Ila ajue mwaka hauanzi upya, jumla yote haizidi miezi 12 na au pair ni mara moja tu. Na ikitokea kitu kibaya, Mungu apishe mbali, mtu kumshika vibaya au kumtishia, polisi ni 110, na kuna namba ya bure ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, 116 016, inapokelewa usiku na mchana na wana wakalimani. Aisevu tu hata kama familia ni malaika.

Halafu wadau msidharau giza. Huyu binti kafika septemba kuna jua, sasa tunaingia desemba jua linazama saa kumi na nusu, asubuhi anawapeleka watoto shule bado giza. Mtu aliyezaliwa Dar mwili haujui hicho kitu. Mimi mwaka wa kwanza novemba nilijua nina mapepo. Atoke nje kila mchana watoto wakiwa shule hata nusu saa, hata kama mawingu, amwambie daktari wa familia ampime vitamini D. Na asubuhi wakifungua madirisha yote na baridi ile asione wanamfukuza, ni kubadilisha hewa tu, wanafanya nyumba nzima.

Vitu vingine vidogo vinavyoleta kununiana, amuulize yule mama amuonyeshe taka. Karatasi pipa la bluu, plastiki na makopo la njano au mfuko wa njano, maganda ya chakula la kahawia, zinazobaki jeusi, ila miji inatofautiana kidogo. Chupa za plastiki za maji na soda asitupe, zinarudishwa supamaketi kwenye mashine, nyingi unapata senti 25 kila moja. Jumapili maduka yamefungwa na watu wanataka kimya, asiwashe kifyonza vumbi siku hiyo. Mtu wa huku akikukosoa kwenye taka anakosoa taka. Keshasahau dakika ile ile, wewe ndo unaenda kulia chumbani.

MamaWatatu_Mbagala

Mimi naongea na nyie mlioko nyumbani, samahani kama itauma. Mwanangu wa kiume naye alikaa na familia Marekani mwaka mmoja kwa ile programu ya kubadilishana wanafunzi, akiwa fomu four. Kilichomkwamisha miezi ya mwanzo nilikuwa mimi. Kila siku vidiokoli, namuonyesha pilau, namuonyesha wadogo zake wanacheza, nalia nikimuona kakonda. Mtoto mwili uko kule roho iko Mbagala. Yule mama wa kule alimuomba kwa upole apunguze simu za mchana, mimi nikachukia, nikaona ananinyang'anya mtoto. Baadae ndo nikaelewa mtoto hawezi kuishi nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Dada, wewe na mama yako pangeni siku. Jumatano na jumapili mfano, mzungumze hata masaa mawili, siku nyingine ujumbe tu. Sio kumtupa. Mama asimwambie rudi kila akilia, maana kila akisikia rudi anafungasha mizigo moyoni.

Na kitu kingine hakuna aliyekigusa hapa. Je kuna mtu hapo nyumbani anamuomba hela? Hiyo euro 280 kwa rate ya sasa inacheza kwenye laki nane, kwa Tabata ni hela, huku ndugu wanajua yuko Ulaya analipwa. Ile sio mshahara. Ni hela ya vocha, sabuni, nauli na koti la baridi. Mtoto akianza kutuma laki tatu nyumbani atashindwa kwenda hata kunywa chai na wenzake, atabaki chumbani, na ndo hicho chumba tunachokiongelea hapa.

DadaTabata

Mama umenigusa. Ni kweli, kaka yetu alimuomba hela ya spea ya bodaboda mwezi wa kumi na akatuma. Sikujua mpaka nimemuuliza jana usiku baada ya kusoma hapa. Nimeshaongea na kaka, na baba kamaliza kwa sauti moja kwamba hakuna kumuomba mtoto hela mpaka arudi.

Mzee wa Kimara

Nimewasoma vijana. Mimi nilisema avumilie kwa kuwa sikujua kuna masaa yameandikwa na sheria, sisi kwa wajomba hakukuwa na karatasi. Basi aseme yaliyoandikwa. Ila kurudi bado sishauri kama familia yenyewe inamuuliza umekasirika, mtu asiyekujali hakuulizi hivyo.

NilirudiSinza

Umesema vyema mzee wangu.

Dada, kozi usiipuuze, kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko hata yale masaa. Pale ndo atapata watu wa rika lake, Wakolombia, Wageorgia, Wakenya, wote wanakula mikate ya baridi usiku na wote wamelia. Mpaka sasa huyo binti anaongea na watoto wawili na wazazi wao basi, mtu gani asilie?

DadaTabata (wiki iliyofuata)

Narudi na mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa waliouliza.

Wamekaa kikao jumapili. Alitetemeka anasema lakini karatasi ilimsaidia. Yule mama kaangalia karatasi, kaenda kuleta kalenda ya jikoni, wakahesabu pamoja, akasema kweli hakujua ile ya usiku imefika huko, wiki hii kapewa ijumaa na jumamosi zote. Wakitoka usiku itaandikwa kwenye kalenda kabla. Akamwambia pia lile la heshima na mlango, kwa simu ya kutafsiri, mama kanyamaza kidogo akamwambia sisi tulidhani hututaki. Sasa anamwita mama Jonas, Jonas mwenyewe ana miaka saba anaona raha jina lake kutajwa kutwa nzima. Jumanne kapika chapati, za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu ya unga wa kule, mdogo wa Jonas kala nne.

Hajaacha kulia kabisa nisiwadanganye. Jana kalia tena, kisa kaona picha za harusi ya binamu yetu Segerea. Lakini kalia akiwa sebuleni kwao na yule mama kamkalisha, hajalia na mimi kwenye simu.

Kilichobaki ni kozi. Wanasema shule ya jioni ya manispaa iko mji wa pili na basi la mwisho kurudi ni saa mbili usiku, kozi inaisha saa mbili na nusu. Mwenye wazo?

MbongoStuttgart

Hizo shule za manispaa zinaitwa VHS na karibu zote zina kozi za asubuhi pia, aulizie ya asubuhi watoto wakiwa shule, asing'ang'anie jioni. Muhula mpya unaanza februari au machi lakini nafasi zinajaa mapema, ajiandikishe kuanzia sasa na wakimaliza kikao cha jumapili ijayo wakae na yule mama wafungue tovuti pamoja, mwambie asiende peke yake ofisini, wenyeji wakipiga simu wanajibiwa haraka. Kama ni ya jioni tu basi aombe yule baba amfuate kwa gari siku hizo mbili, nauli ya kozi ni jukumu lao na hiyo ni njia mojawapo ya kulitimiza. Akikwama kwenye fomu nitumie inbox anaanzia level gani, nitamuelekeza ajaze nini.